Chokaa Kwenye Rimoti

Mtaani walimwita Mama Komeo, na jina hilo alilipata kwa haki. Kila jioni aliufunga mlango wake mara tatu: ya kwanza kwa mkono, ya pili kwa bega, ya tatu kwa macho tu, akiwa amekwisha kaa kwenye kochi, kana kwamba komeo lingeweza kughairi. Watoto wa jirani walimtania dirishani, "Mama Komeo, mwizi anakusalimia!" Naye aliwajibu, "Mwambieni salamu zimefika, yeye abaki huko huko."

Kazi yake ilikuwa ya udobi. Kwa miaka ishirini na sita alifua na kupiga pasi nguo za watu katika duka lenye vyumba viwili, kimoja cha maji na kimoja cha mvuke. Shule aliishia darasa la tano, lakini doa alilisoma kama wengine wanavyosoma gazeti. Shati likitua mezani, kabla mwenyewe hajafungua mdomo, yeye amekwisha jua: huyu kaegemea mlango uliopakwa rangi jana, huyu kakalia ubao mbichi, huyu anasema ni chai lakini hii ni dawa ya kikohozi. Wenzake walimwambia angefaa kuwa polisi.

"Polisi akiuliza anaitwa mpelelezi," aliwajibu. "Mimi nikiuliza naitwa mbea."

Watoto wake walikuwa watatu, na aliyemkosesha usingizi kuliko wote alikuwa binti wa kati. Si kwa utundu, ni kwa kazi aliyoichagua. Wenzake walipokwenda kujifunza kusuka nywele na kuuza simu, yeye alikaa miaka miwili kwa fundi wa redio akiangalia mikono yake tu, kisha akajifungia na funguo za magari. Sasa alikuwa na miaka ishirini na tisa na chumba chake mwenyewe katika uwanja wa gereji: meza moja, taa yenye shingo ndefu, kioo cha kukuzia, kijichuma cha moto cha kuunganishia nyaya nyembamba kama unywele, na mashine ndogo ya kusomea magari. Pale uwanjani aliitwa Fundi Funguo. Walioleta rimoti zilizokufa waliondoka nazo zikiwa hai, na walioleta zilizopasuka waliondoka nazo zimevaa ganda jipya.

Mama Komeo alimwombea kila siku, na kila siku alimpa masharti. Sharti kubwa lilikuwa moja: ufunguo wa mteja usilale gereji. "Banda la mabati si pa kuweka amana," alisema. "Mali ya mtu ilale palipo na mtu." Binti alicheka, lakini alitii. Rimoti ikichelewa kuchukuliwa, ilikuja nyumbani ikalala chini ya godoro la mama, imefungwa kwenye kitambaa cheupe kilichopigwa pasi.

Siku ya mambo haya ilikuwa katikati ya wiki, saa nne asubuhi, wakati wa mapumziko ya pale dobi. Mama Komeo alichukua chupa ya chai kumpelekea binti yake, kama alivyozoea. Alipokaribia lango la uwanja, alipunguza mwendo kabla hajajua sababu. Kisha akaijua: hapakuwa na kelele. Nyundo zilikuwa kimya, mashine ya upepo ya mpiga rangi ilikuwa kimya. Gereji ikinyamaza saa nne asubuhi, ama kuna msiba ama kuna ugomvi.

Watu walikuwa wamejaa mbele ya chumba cha binti yake. Katikati alisimama mwanamume mnene, viatu vyake vya kazi vimeganda udongo mkavu. Mama Komeo alimtambua kwa sura: mkandarasi wa barabara, anayekaa mtaa wa pili.

"Nakuuliza kwa mara ya mwisho, binti," mkandarasi alikuwa akisema. "Ufunguo wa tatu wa gari langu uko wapi?"

"Hakuna ufunguo wa tatu, kaka. Haujawahi kuwapo."

"Basi gari langu limefunguliwa na malaika?"

Mchomeleaji wa chumba cha jirani alimsogelea Mama Komeo na kumnong'oneza habari. Gari la mkandarasi lilikuwa limefunguliwa usiku uliopita likiwa pale pale nyumbani kwake. Mashine yake ya kupimia barabara, ile ya kusimama kwa miguu mitatu, ilikuwa imechukuliwa kutoka kiti cha nyuma. Kioo kizima, kitasa kizima, king'ora hakikulia. Aliyefungua alifungua kama mwenye gari. Na siku nane zilizopita, mkandarasi alikuwa ameleta rimoti yake kwa Fundi Funguo ibadilishwe ganda.

"Mtu mwingine hajawahi kuushika ufunguo wangu," mkandarasi aliendelea. "Ni mimi na wewe tu. Umetoa nakala, umeiuza kwa wezi. Nikitoka hapa, jina lako nalipeleka polisi."

Mama Komeo hakukumbuka alivyopita katikati ya watu. Alijikuta tu yuko mbele, chupa ya chai ameikumbatia.

"Mwanangu si mwizi!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Mwanangu ni mwaminifu mpaka anakera! Ufunguo wa mtu hauachi humu bandani hata siku moja, anakuja nao nyumbani. Hata huo wako, baba, ulilala chini ya godoro langu mimi mwenyewe!"

Alipolimaliza neno la mwisho, alitamani kulivuta lirudi. Watu walitazamana. Mpiga rangi aliinamisha kichwa kama mtu aliyeona glasi ikidondoka.

"Mmesikia?" mkandarasi aliwageukia, mikono wazi. "Mmesikia wenyewe! Ufunguo wangu ulilala kwao. Kumbe ni biashara ya familia!"

"Mama," binti alisema taratibu, "weka chai chini, mama yangu."

Ndipo mwenye uwanja alipojongea. Alikuwa mtu mrefu, mpole, asiyependa kelele kwa sababu kelele hufukuza wateja. "Binti yangu, mimi sikutuhumu," alisema. "Lakini watu wanaacha magari yao hapa na kwenda zao. Wakisikia nina fundi anayetoa nakala za funguo, kesho nitabaki hapa na kuku. Nakupa mpaka alasiri. Ukilisafisha jina lako, kazi iendelee. Usipolisafisha, beba meza yako na mashine yako, tuagane vizuri."

Mama Komeo aliketi kwenye tairi bovu. Alijua mambo ya mafundi. Fundi cherehani akisemwa mwizi wa vitambaa, huhama mtaa akaanza upya. Fundi wa funguo akisemwa mwizi, ahamie wapi? Miaka mitano mtoto wa watu ameiinamia meza ile, na mama yake mwenyewe ndiye aliyetia kuni katika moto.

Binti hakulia wala hakupandisha sauti. Alifuta mikono, akauliza kama anayeuliza saa ngapi, "Gari umekuja nalo, kaka?"

"Lile pale."

"Na funguo zako?"

Mkandarasi aliziweka mezani, tak, tak. "Zote mbili. Nimekuja nazo ili usinizungushe."

"Vizuri. Sasa siku ile uliniletea nini?"

"Rimoti. Ganda limepasuka, pete imekatika."

"Na gari lilikuwa wapi?"

"Kazini. Nilikuja kwa pikipiki."

"Basi umenitetea mwenyewe," binti alisema. "Ufunguo huu si kama ule wa chuma, kwamba ukiyaona meno yake unamchonga pacha. Huu umeandikishwa ndani ya gari. Ukitaka kuongeza mwingine, lazima gari lenyewe liwepo, ulifungue kumbukumbu zake, uliambie: na huyu pia ni wa nyumbani. Gari hukuniletea. Ningemwandikisha wapi?"

"Maneno ya kifundi hayo. Si mnanasa tu sauti yake hewani halafu mnairudia? Nimeona kwenye simu."

Binti alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Hilo, kaka, lilijaribiwa kwetu nikiwa na miaka tisa."

Akawaeleza watu. Mama yao alikuwa akitoka kazini jioni, na wao watatu walijifungia ndani kwa amri yake. Mlango haukufunguliwa mpaka wa nje aseme neno la siri, na neno lilikuwa "sabuni". Palikuwa na mtoto wa jirani, jina lake la utani Kijiko, kwa sababu kila sufuria ilipoepuliwa alikuwa amekwisha fika. Kijiko alitega sikio ukutani, akalisikia neno. Kesho yake akabisha, akanguruma "sabuni" kwa sauti ya kikubwa, akafunguliwa, akamaliza chakula cha watu wanne.

Watu walianza kucheka. Mchomeleaji alisema, "Huyo Kijiko namfahamu, sasa ni fundi bomba!"

"Mama aliporudi hakumpiga mtu," binti aliendelea. "Alikaa akafikiri. Halafu akatubadilishia. Toka siku ile, aliye ndani anataja namba yoyote inayomjia, na aliye nje anaijumlisha na namba yetu ya siri, anajibu. Siri ilikuwa saba. Tukisema kumi, anajibu kumi na saba. Sasa Kijiko kasikia kumi na saba, kesho anakuja nayo mbio, sisi tunamuuliza nne. Anabaki nje na kumi na saba yake."

"Na angejua hesabu ya kutoa?" mpiga rangi aliuliza.

"Angeingia akala. Ndiyo maana gari halitumii saba. Gari na ufunguo wake vina siri ndefu ambayo havijawahi kuitamka. Ukigusa kitasa, gari linaamka, linatoa swali ambalo halijawahi kuuliza. Ufunguo uko mfukoni umelala, unasikia, unalikoroga swali pamoja na ile siri, unajibu. Gari nalo limekoroga kwake. Majibu yakilingana, mlango unaachia. Ukilinasa jibu la leo, kesho swali ni jingine. Yote hayo hayachukui muda wa kupepesa jicho."

Mama Komeo, pale kwenye tairi, alisahau hofu kwa kitambo. Habari ya namba za mlangoni alidhani watoto wameisahau. Yeye mwenyewe alikuwa akiionea haya, kwa sababu ilikuwa habari ya mama aliyewafungia wanawe ndani kama kuku akaenda kufua nguo za watu. Leo ilikuwa ikisimuliwa mbele ya wanaume wa gereji kama elimu, na wanaume walikuwa wakiitikia kwa vichwa.

Binti alikwenda kwenye gari, akachomeka mashine yake chini ya usukani, akasubiri. Kisha akakigeuza kioo chake kwa mwenye uwanja. "Soma mwenyewe. Funguo zilizoandikishwa humu ni ngapi?"

"Mbili," mwenye uwanja alisoma.

"Na hizi mezani ni ngapi?"

"Mbili."

"Mashine ni ya nani?" mkandarasi alidakia. "Si yako? Hata mimi nikiwa na mizani yangu nyumbani nitakuwa mwembamba!"

Hapo watu walicheka tena, na kicheko hiki hakikuwa cha kumsaidia binti. Mwenye uwanja alitazama saa yake. Mama Komeo aliviona vidole vya mwanawe vikiigusa meza pembeni, pale alipokuwa akiishika kila akitaka kuisogeza. Binti alikuwa akijipima kama anaweza kuibeba peke yake.

Mama akainuka. Neno lake la mwanzo lilikuwa limekwisha haribu. Alikwenda tu mezani, kwa sababu miguu ya mama huenda palipo na mtoto. Na kwa kuwa macho yake hayakuwahi kujua kupumzika, yaliziangalia zile rimoti mbili.

Moja ilikuwa safi. Nyingine, yenye ganda jipya jeusi, ilikuwa na ukungu mweupe mgongoni.

"Naweza kuushika, baba?" aliuliza.

"Shika. Ulishalala nao."

Alilipuuza dongo hilo. Aliugeuza ufunguo kwenye mwanga, akaupuliza. Weupe haukutoka. Unga ungetoka. Akakilowesha kidole kwa ulimi, akausugua, akakinusa. Halafu akaiangalia pete: upande wa ndani palikuwa na mstari mwembamba wa rangi ya kahawia.

"Mwanangu," alisema, "wewe ulimpa ufunguo huu ukiwa hivi?"

"Hapana, mama. Niliufuta kwa spiriti."

"Basi hii ni chokaa. Na ni chokaa ya ndani, ya zamani, ile inayobaki kwenye shati ukiegemea. Na hapa kwenye pete ni kutu ya msumari." Akamgeukia mkandarasi. "Baba, samahani kwa kuuliza mambo ya kwako. Ufunguo huu unautundika ukutani?"

"Ndiyo, mlangoni, kwenye msumari. Kuna ubaya gani?"

Binti alikuwa amekwisha inua kichwa. Mama Komeo aliuona uso wake ukibadilika, kama chumba kinapofunguliwa dirisha.

"Ukuta huo uko upande gani na unapoegesha gari?" binti aliuliza.

"Gari nalileta mpaka ukutani. Nikishuka, hatua moja niko ndani. Mvua hainipati."

"Twende kwako, kaka," binti alisema. "Sasa hivi. Na mwenye uwanja awe shahidi."

Haikuwa safari, ilikuwa kukata kona mbili. Mkandarasi aliendesha kwa hasira. Mama Komeo alikaa nyuma na mikono mapajani, hagusi kitu. Mkewe mkandarasi aliwapokea nje, kitambaa cha jikoni begani.

"Karibuni. Kuna nini, mbona mmekuja kama baraza la mtaa?"

"Tumekuja kutazama msumari, shemeji," mwenye uwanja alisema, naye mwenyewe akaona haya kwa jibu lake.

Nyumba ilikuwa ya matofali, imepakwa chokaa nje na ndani. Binti alimwomba mkandarasi aegeshe kama anavyoegesha siku zote. Aliegesha: mlango wa dereva ukawa hatua moja tu kutoka ukutani. Akalifunga gari kwa kitufe, taa zikapepesa, akaingia ndani, akautundika ufunguo msumarini, akatoka na kuurudisha mlango wa nyumba. Ule ufunguo wa pili binti alimpa mwenye uwanja, akamtuma asimame nao mbali, mwisho wa uchochoro, ili usije ukasingiziwa.

"Sasa mama, njoo," binti alisema. "Wewe huna ufunguo, na maisha yako yote hujawahi kumiliki gari. Vuta kitasa."

Mama Komeo alisita. Hajawahi kuvuta mlango usio wake. "Niruhusu, baba," alimwambia mkandarasi. Mkandarasi aliitikia kwa kichwa.

Akanyoosha mkono. Mara tu vidole vilipogusa kitasa, taa za vioo vya pembeni zilipepesa, ndani ya mlango pakalia *tk*, na mlango ukamfuata mkononi. Aliruka nyuma kama aliyeunguzwa na pasi.

Kisha mke wa mkandarasi akasema, "Yaani hivyo tu?"

"Hivyo tu," binti alijibu. "Sauti ya gari ya kuuliza ni ndogo, haifiki mbali. Imewekwa hivyo makusudi, ili ufunguo usikie ukiwa karibu tu. Lakini hapa umeuweka karibu. Ukuta wa matofali hauizuii sauti hiyo, wala chokaa haiizuii. Mtu kapita, kavuta kitasa kama wanavyojaribu magari yote ya mtaa, gari likauliza swali lake, na ufunguo wako ukajibu kutoka ukutani. Ufunguo haumjui aliyevuta. Unajua tu umeulizwa na gari lake, nao ukajibu ukweli."

"Mbona siku zote haikutokea?" mkandarasi alishika kiuno. Sauti yake ilikuwa bado inatafuta pa kusimama.

Mkewe ndiye aliyejibu. "Siku zote ulikuwa wapi ufunguo? Si kwenye bakuli, kabatini, chumbani kule mwisho, kwa sababu pete ilikatika? Alipokutengenezea huyu binti, ukasema sasa una pa kuning'inia. Nikakwambia msumari huo ni wa kalenda. Ukaniambia kalenda haina haraka."

Mwenye uwanja, kule mwisho wa uchochoro, alikohoa ili asicheke.

"Jambo moja la mwisho," binti alisema. "Kaa kwenye usukani, kaka, uliwashe."

Mkandarasi alikaa, akabonyeza. Injini haikuitika. Kwenye dashibodi pakawaka kialama cha ufunguo kimekatwa mstari.

"Umeona? Mlango ni swali moja, injini ni swali jingine. La injini linaulizwa kwa humu ndani tu, na linataka ufunguo uwe humu humu. Ukutani hausikii. Sasa fikiri wewe mwenyewe. Mwizi wako alikaa humu, gari zima likiwa wazi, akaondoka na mashine ya miguu mitatu begani. Angekuwa na ufunguo wa tatu kutoka kwangu, angetembea kwa miguu?"

Mkandarasi alibaki pale kwenye kiti, mlango wazi, miguu nje. Alijifuta uso kwa kiganja. Alikuwa mtu wa kupima mabonde na milima, na hatua moja ya nyumbani kwake hakuipima.

"Nimekosa," alisema hatimaye. "Nisamehe, dada yangu. Na wewe, mama."

Mama Komeo alikuwa tayari kusema yamekwisha, baba, twende zetu. Ndivyo alivyozoea. Mtu akimkosea na kumwomba radhi, yeye ndiye aliyeona haya. Lakini binti alitangulia.

"Nimekusamehe, kaka. Ila lile neno hukulisemea hapa. Ulilisemea uwanjani, mbele ya watu ninaokula nao. Ulipolitupa ndipo ukaliokote."

Mama alimtazama mwanawe alivyosimama, mikono imetulia ubavuni, akijua thamani yake bila kuipigia kelele, na moyo wake wenye woga ukajaa. Huyu, alijiambia, huyu nilimfungia ndani ili dunia isimdhuru. Naye anasimama nayo macho kwa macho.

Walirudi. Ilikuwa inakaribia saa saba, na watu wa uwanja walikuwa hawajarudi kazini. Walijifanya tu kushika spana. Mkandarasi hakuteremka na maneno ya mzunguko. Kwa hilo apewe haki yake: alisimama pale pale alipokuwa amesimama asubuhi, akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita vibarua kutoka ng'ambo ya bonde.

"Jamani. Asubuhi nilimwita huyu binti mwizi. Si mwizi. Gari langu limefunguliwa na ufunguo wangu mwenyewe, nilioutundika kijinga ukutani. Sasa hivi nakwenda polisi, na nitawaambia hivyo hivyo. Mwenye gari la ufunguo wa hivi, ufunguo ulale chumbani, mbali na gari. Na ukiharibika, fundi ni huyu."

"Nami mwenye uwanja naongeza," mwenye uwanja alisema. "Meza haihami. Tena ile taa ya nje iliyokufa, naitengeneza wiki hii, ili tangazo la fundi wetu huyu lisomeke hata usiku."

"Aliyeiona chokaa si mimi," binti aliwaambia watu, akimshika mama yake bega. "Mimi nilikuwa nimefika mwisho wa akili zangu. Ni huyu hapa."

"Na aliyeongea habari ya godoro ni nani?" mchomeleaji aliuliza.

"Ni huyo huyo," Mama Komeo alijibu, na uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko. Mashine ya upepo ikawashwa. Nyundo zikaanza.

Chai ilikuwa imepoa. Waliinywa hivyo hivyo, mama na binti, wakipokezana kifuniko cha chupa. Binti alikuwa ameshapokea rimoti nyingine, ya dereva wa gari la shule, na alikuwa akiifungua kwa ncha ya kisu, jicho moja limefumbwa.

Pale dobi, msimamizi alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa mwanamke mdogo kwa Mama Komeo kwa miaka kumi, na kumgombeza mtu mzima kulimpa taabu, lakini saa zilikuwa zimepita mno.

"Mama, mapumziko ni nusu saa. Sasa ni saa saba na robo. Ulikwenda kuvuna hiyo chai?"

Siku nyingine yoyote Mama Komeo angeomba radhi mara nne na kukimbilia pasi. Safari hii alivua kanga ya begani, akaikunja, akasema, "Nilikuwa kazini kwa mwanangu. Njooni niwaambie, na anayetaka kunikata muda anikate nikimaliza."

Akasimulia akiwa amesimama, mvuke ukipanda nyuma yake. Alipofika kwenye swali la gari aliona maneno hayatoshi. Akamsimamisha msimamizi katikati ya chumba, akamwambia, "Wewe ni gari." Akamsukuma mfuaji mmoja nyuma ya ukuta wa chumba cha maji: "Wewe ni ufunguo, umetundikwa, usitoke." Akamnong'oneza kila mmoja namba ya siri: tano. Halafu akamwita msichana wa kukunja mashuka, akamwambia, "Wewe ni mwizi. Mguse gari bega."

Mwizi akamgusa gari bega.

"Gari, uliza!"

"Kumi na mbili!" msimamizi alisema, akijizuia kucheka.

"Kumi na saba!" ufunguo ukaitika kutoka nyuma ya ukuta.

"Umeona?" Mama Komeo alipiga kofi moja. "Kajibu! Hajamwona aliyegusa, lakini kajibu. Sasa gari linafungua. Haya, uliza tena, namba nyingine. Usirudie, gari halirudii!"

Wakauliza mara sita, na kila mara jibu lilikuwa jipya, na kila aliyejaribu kulitumia la zamani alibaki nje. Pasi mbili zilipoa. Mteja aliyekuja kuchukua suruali yake aliegemea kaunta akasikiliza, akaulizia na yeye mambo ya gari la shemeji yake.

"Kumbe hayo yote binti yako anayajua?" msimamizi aliuliza, akijifuta macho.

"Hayo ni ya nje tu," Mama Komeo alisema. Alichukua pasi, akaipima joto kwa tone la maji, akatandaza shati. "Ya ndani sana mimi siyajui, mkamuulize mwenyewe. Mkifika uwanjani semeni mnamtaka Fundi Funguo. Na semeni mmetumwa na mama yake mzazi."